Koma ya Elfu Kumi

Mwaka jana nilipoteza elfu kumi kwa sababu ya koma. Sitanii. Sh10,000, pesa ambazo zingenipunguzia deni la nyumba na bado nibaki na ya unga, ziliniponyoka kwa sababu ya alama ndogo sana, ile ukiiona kwenye skrini unaweza kuipangusa ukidhani ni uchafu.

Iko hivi. Tulikuwa wanne. Mmoja anaandika skripti, wa pili anahariri, wa tatu anashika kamera, na mimi nashughulikia sauti. Tukapata kazi ya kutengenezea biashara fulani ya mtaani video fupi fupi. Kabla hatujaanza nikawaambia, wasee, safari hii tusifanye mambo ya mdomo, tuandikiane. Si wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari? Basi kwa vile mimi ndiye niliyeleta hizo hekima, nikaachiwa kazi ya kuandika. Nikaandika kwa Kiingereza, kwa sababu hapa kwetu karatasi ikiwa ya Kiingereza watu hukaa wima. Sentensi iliyonimaliza, ukiitafsiri, ilisema hivi: baada ya kutoa gharama, pesa zitakazobaki zitagawanywa sawasawa kati ya mwandishi, mhariri, kamera na sauti.

Zikabaki 60,000.

Mimi nilihesabu watu wanne, kila mtu 15,000. Mwandishi na mhariri wakahesabu mafungu matatu: mwandishi 20,000, mhariri 20,000, halafu "kamera na sauti" 20,000. Yaani mimi na kameramani tugawane hilo fungu la mwisho, kumi kumi. Nikacheka nikidhani ni mzaha. Haikuwa mzaha. Walinionyesha ile bei tuliyompa mteja, na kweli, "kamera na sauti" zilikuwa kwenye mstari mmoja, na bei moja. Nani aliandika ile bei? Mimi tena.

Nikajitetea. Nikasema kama kamera na sauti ni fungu moja, basi orodha ingehitaji "na" nyingine kabla yake, iwe "mwandishi, mhariri, na kamera na sauti". Mhariri akaniangalia kwa upole, ule upole wa mtu anayejua ameshinda, akauliza: "Na kama ni mafungu mawili, mbona hukuweka koma kati yao vile umewawekea wengine?"

Nikanyamaza. Sikuweka koma kwa sababu nilifundishwa nisiweke. Shule ya msingi, kalamu nyekundu, duara kubwa: kabla ya "and" hakuna koma. Sikuwahi kuuliza sheria hiyo ilitungwa na nani. Usiku ule, nikiwa na 10,000 kwenye simu badala ya 15,000, ndipo nikauliza. (Najua unapiga hesabu hapo: hizo ni elfu tano tu zilizopotea. Tulia, hizo zingine nitakuambia zilienda wapi.)

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kwa Kiingereza ukiorodhesha vitu vitatu au zaidi, kuna koma inayoweza kuwekwa mbele ya "and" au "or" ya mwisho. Wako wanaosema lazima iwekwe. Wako wanaosema ni takataka. Wengi huiita koma ya Oxford, na watu wazima wenye digrii hugombania kitu hicho kuliko mashabiki wa mpira.

Sasa, kabla twende Oxford, tazama majina tunayoipa alama hii kwa Kiswahili. Darasani tuliambiwa inaitwa koma, au mkato, au kipumuo. Nilikuwa nadhani ni majina matatu ya kitu kimoja, ya kukariri tu kwa ajili ya mtihani. Kumbe mkato na kipumuo ni nadharia mbili tofauti kabisa. Kipumuo ni pale msomaji anapovuta pumzi. Mkato ni pale mwandishi anapokata kitu kimoja kitengane na kingine. Historia nzima ya koma ni safari ya kutoka kipumuo kwenda mkato, na pesa zangu zilipotelea hapo katikati.

Neno lenyewe "koma" ni la Kigiriki, na maana yake ni kipande kilichokatwa. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kule Alexandria, Misri, kulikuwa na mkuu wa maktaba aliyeitwa Aristophanes wa Byzantium. Wakati huo Wagiriki waliandika maneno yakiwa yameshikana bila nafasi, na kusoma kulikuwa kusoma kwa sauti. Akabuni vitone vya kuweka kwenye mstari, juu, katikati au chini, kumwonyesha msomaji pumziko ni fupi, la wastani au refu. Kipande kifupi kiliitwa komma. Hapo alama ilikuwa kazi ya pumzi. Ni kama vile katika shairi letu la tarbia, mkato wa katikati ya mshororo unavyokuambia ukwapi umeisha na utao unaanza. Ukisoma shairi kwa sauti bila kuuheshimu mkato huo, wasikilizaji watajua una haraka ya kwenda nyumbani.

Karne nyingi baadaye waandishi wa Ulaya walikuwa wakitumia kistari cha mshazari mahali pa kupumua. Wafaransa mpaka leo huiita koma virgule, yaani kijiti. Halafu ikaja mashine ya kuchapa. Mjini Venice, miaka ya 1490, mchapishaji Aldus Manutius na mafundi wake walikuwa wakichonga herufi mpya, na kile kijiti kikashushwa chini ya mstari na kupindwa kidogo, kikawa hii koma unayoijua. Karakana hiyo hiyo ndiyo iliyotoa nukta-mkato ya kwanza, kwenye kitabu kidogo cha mwaka 1496.

Uchapishaji ulibadilisha kitu kikubwa. Kitabu kimoja sasa kilisomwa na maelfu ya watu, wengi wao peke yao, kimya kimya. Mtu anayesoma kimya hahitaji kuambiwa apumue wapi, anahitaji kuambiwa kipi kimeungana na kipi. Polepole koma ikaacha kuwa ya mapafu, ikawa ya maana.

Na hapo ndipo wachapishaji wakaanza kutunga sheria. Si serikali, na si kamati ya wazee wa lugha, maana Kiingereza hakina chombo rasmi cha kukitawala. Ni wenye mashine. Fikiria kiwanda chenye mafundi wengi, kila mmoja anapanga herufi za risasi kwa mkono, kila mmoja na mazoea yake. Kitabu kimoja kinatoka na tahajia tatu za neno moja. Bosi atafanya nini? Ataandika kanuni za nyumba.

Huko Oxford bosi huyo aliitwa Horace Hart. Alianza kusimamia matbaa ya chuo kikuu cha Oxford mwaka 1883, na mwaka 1893 akawatolea mafundi wake kanuni za kazi. Mwaka 1904 kijitabu hicho kikaanza kuuzwa kwa umma, na watu wakakitumia kama msahafu. Ndani yake kulikuwa na agizo kwamba vitu vikizidi viwili kwenye orodha, koma itangulie "and" ya mwisho. Haya, mwalimu wangu wa kalamu nyekundu alikuwa akituambia tunafuata Kiingereza cha Uingereza, ndiyo maana hatuweki. Kumbe koma yenyewe imebeba jina la Oxford, na Oxford iko Uingereza! Miaka miwili baada ya kijitabu cha Hart kuanza kuuzwa, yaani 1906, matbaa ya chuo kikuu cha Chicago nayo ikatoa mwongozo wake, na mpaka leo mwongozo huo unasisitiza koma iwekwe. Mwaka 1918 profesa wa Marekani aitwaye William Strunk akaandika kijitabu cha wanafunzi wake kikisema vivyo hivyo.

Kwa hiyo nani aliyesema tuitoe? Watu wa magazeti, hasa. Gazeti lina safu nyembamba, kila herufi ni kipande cha chuma kinachokula nafasi, na kila siku kuna haraka. Alama unayoweza kuiacha bila msomaji kulalamika, unaiacha. Shirika la habari la Associated Press, ambalo mwongozo wake unafuatwa na vyumba vingi vya habari, huwaambia waandishi wasiiweke kwenye orodha rahisi, ila waiweke pale ambapo kuikosa kutaleta utata. Magazeti mengi ya Uingereza nayo huiacha.

Sijui kama unaona ninachokiona. Hakuna upande hapo uliopokea amri kutoka mbinguni. Wa vitabu walitaka usahihi na muda walikuwa nao. Wa magazeti walitaka nafasi. Kila mmoja alitunga sheria inayofaa biashara yake. Halafu sheria hizo zikapanda meli na vitabu vya shule, zikafika huku, na tukaambiwa hiyo ndiyo sarufi. Tukapoteza maksi kwa ajili ya kanuni za kiwanda cha watu wengine.

Na wenyewe hawakubaliani hata nyumbani kwao. Mwaka 2011 watu walitahamaki walipogundua kwamba mwongozo wa maandishi ya ofisi ya mawasiliano ya chuo kikuu cha Oxford ulishauri koma ya Oxford isitumiwe, isipokuwa pale inapohitajika. Matbaa ya chuo hicho hicho iliendelea kuitumia kama kawaida. Januari 2020 Uingereza ilitoa sarafu ya peni 50 ya kuadhimisha kujitoa kwake katika Umoja wa Ulaya, ikiwa na maneno kuhusu amani, ustawi na urafiki na mataifa yote. Mwandishi wa vitabu Philip Pullman akataka sarafu hiyo isusiwe kwa sababu ilikosa koma. Mwaka 2022 waziri mpya wa afya wa nchi hiyo hiyo, Thérèse Coffey, akaingia ofisini na mojawapo ya maagizo ya kwanza yaliyovuja ni kwamba wafanyakazi waepuke koma ya Oxford. Hospitali zina foleni, bosi anawaza koma.

Hadi hapo ni vichekesho. Twende sasa mahali ambapo si vichekesho.

Katika jimbo la Maine, Marekani, kuna kampuni ya maziwa inayoitwa Oakhurst Dairy. Mwaka 2014 baadhi ya madereva wake walienda kortini wakidai ovataimu. Sheria ya Maine inasema ukifanya kazi zaidi ya saa 40 kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Lakini sheria hiyo iliwaondoa watu wa kazi fulani fulani zinazohusu vyakula vinavyoharibika. Orodha ya kazi hizo, nikiiweka kwa Kiswahili, ilikuwa hivi: kutia kwenye mikebe, kusindika, kuhifadhi, kugandisha, kukausha, kutafutia soko, kuweka ghalani, kufungasha kwa ajili ya usafirishaji au usambazaji.

Soma tena mwisho wake. "Kufungasha kwa ajili ya usafirishaji au usambazaji." Hapo hakuna koma kabla ya "au".

Kampuni ilisema usambazaji ni kazi yake yenyewe kwenye orodha. Madereva wanasambaza maziwa, kwa hiyo wako kwenye orodha, kwa hiyo hakuna ovataimu. Madereva wakasema hapana, kinachotajwa pale ni kufungasha tu, iwe ni kufungasha kwa kusafirisha au kufungasha kwa kusambaza. Sisi hatufungashi kitu. Sisi tunaendesha.

Kila upande ulikuwa na hoja nzuri, na hapa ndipo nilipotoa macho, kwa sababu nilizijua hoja hizo. Kampuni ilisema: kama usambazaji si kitu cha mwisho kwenye orodha, basi orodha haina "au" ya kuifunga. Ndiyo hoja yangu kabisa kuhusu "na"! Ikaongeza kwamba mwongozo wa kuandika sheria wa jimbo la Maine wenyewe huwaambia waandishi wasiweke koma hiyo. Madereva nao wakajibu: tazama kazi zote kwenye orodha, umbo lao ni moja. Ukisoma kwa Kiswahili utaliona bila kuwa wakili: kutia, kusindika, kuhifadhi, kugandisha, zote zinaanza na ku-. Halafu ghafla "usafirishaji" na "usambazaji", zinaanza na u-. Kama usambazaji ungekuwa kazi ya orodha, si ungeandikwa "kusambaza"?

Korti ya kwanza iliipa kampuni ushindi. Machi 2017 korti ya rufaa ikaupindua. Na majaji hawakusema madereva wako sahihi kisarufi. Walisema sarufi imeshindwa: sentensi inasomeka njia zote mbili, na kwa vile sheria ya ovataimu ilitungwa kumlinda mfanyakazi, utata huo usomwe kwa faida ya mfanyakazi. Februari 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5 kumaliza kesi. Kabla ya hapo Bunge la Maine nalo lilikuwa limeshaiandika ile sentensi upya, safari hii vitu vikitenganishwa kwa nukta-mkato, na usambazaji ukapewa umbo sawa na wenzake ili pasiwe na mjadala tena. Kwa maneno mengine, jimbo liliziba ufa baada ya korti kuuonyesha.

Sasa rudi Kenya. Katiba yetu ya 2010 imejaa orodha. Kifungu cha 27(4) kinakataza serikali kumbagua mtu kwa misingi mingi, kuanzia rangi na jinsia hadi mavazi, lugha au kuzaliwa. Kwa nakala ya Kiingereza hakuna koma kabla ya hiyo "or" ya mwisho, na hakuna anayepata shida, kwa sababu vitu vya mwisho kwenye orodha ni kimoja kimoja. Mgala muue na haki mpe: wanaosema koma si lazima wako sahihi hapo.

Lakini fungua kifungu cha 10, kile cha maadili ya kitaifa. Kuna orodha yenye uzalendo, umoja wa kitaifa, kugawana na kugatua mamlaka, utawala wa sheria, halafu inaishia na "demokrasia na ushiriki wa wananchi". Ona hilo la kugawana na kugatua mamlaka: lina "na" ndani yake, na bado linahesabika kama kitu kimoja. Je, demokrasia na ushiriki wa wananchi ni kimoja pia, au ni viwili? Koma haipo ya kukuambia. Bahati nzuri korti zetu zimeuchukulia ushiriki wa wananchi kama kitu chenye uzito wake, chenye uwezo wa kuangusha sheria. Tena Katiba yenyewe, kifungu cha 20, inaiagiza korti ichague tafsiri inayoipa haki nguvu zaidi. Ni wazo lile lile lililowaokoa madereva wa Maine: penye utata, mwenye haki asiumie.

Lakini wewe na mimi hatusaini Katiba. Tunasaini vikaratasi. Mkataba wa nyumba, fomu ya mkopo wa simu, barua ya kazi ya miezi mitatu, makubaliano na mteja aliyekutafuta kwa sababu ya video zako. Karibu vyote vimeandikwa Kiingereza, lugha ambayo kwa wengi wetu ni ya pili au ya tatu, na tunavisoma haraka tukiwa tumesimama, huku mtu ametushikia kalamu. Hapo hakuna jaji wa rufaa. Penye utata anashinda mwenye pesa, kwa sababu ni yeye anayezituma.

Ndiyo maana nimehama kambi. Kwa Kiingereza, sasa naweka koma kabla ya "and" ya mwisho, kila mara orodha inapogusa pesa, haki au majina ya watu. Sijifanyi msomi. Ni kwamba katika mkataba hakuna anayepumua, na kilichobaki ni mkato. Kwenye maelezo ya picha ya mtandaoni fanya unavyotaka, mradi usibadilike badilike ndani ya andiko moja.

Kwa Kiswahili hatuna desturi ya kuweka mkato kabla ya "na", na sisemi tuige. Lakini tusijidanganye kwamba tatizo halituhusu. Nikisema "nawashukuru wazazi wangu, mwalimu wa Kiswahili na kocha wa mpira", je, nimeshukuru watu wanne au nimekuambia wazazi wangu wanafanya kazi gani? Na usidhani kuongeza mkato ni dawa ya kila kitu. Ukisema "namshukuru mama, mwalimu wangu, na kocha", sasa huenda mama ndiye mwalimu. Mkato ulisaidia kule, ukaharibu huku. Dawa ya kweli mara nyingi ni kuipanga sentensi upya, au kuacha sentensi kabisa na kuandika orodha yenye nambari, kama wale wabunge wa Maine walivyojifunza kwa njia ngumu.

Kitu kingine nilichoacha ni kucheka watu kwa ajili ya Kiingereza chao. Tunapenda sana. Mtu anaweka koma mahali, tunapiga picha ya skrini, tunamchoma siku nzima. Buda, umeona wenye lugha wenyewe hawajakubaliana tangu Hart na mafundi wake. Kanuni ya nyumba haipimi akili ya mtu. Ukiikuta nyumba ya mteja wako inaweka koma, weka. Ukikuta haiweki, usiweke, ila hakikisha maana haijapotea.

Sasa zile pesa. Wanasheria wana kanuni ya zamani: maandishi ya mkataba yakiwa na utata, utata huo husomwa dhidi ya aliyeyaandika. Nilipoisoma niliweka simu chini. Niliyeandika ni mimi. Hata kama ningempata jaji, huenda ningeshindwa, tena kwa haki. Lakini kameramani hakuandika chochote. Alibeba kamera siku nne, akaniamini kwa sababu ya ule mdomo wangu wa "tuandikiane", akapoteza 5,000 kwa sentensi ambayo hata hakuisoma hadi mwisho. Kwa hiyo nilimtumia 5,000 kutoka kwa zile 10,000 zangu. Yeye akawa na 15,000 zake kamili. Mimi nikabaki na 5,000 kati ya 15,000 nilizotarajia. Hapo ndipo elfu kumi ilipotimia.

Tunafanya kazi pamoja bado, sote wanne. Makubaliano yetu ya sasa yana mistari minne, kila mstari jina moja, na mbele ya jina kiasi kwa tarakimu. Mwandishi alicheka alipoyaona, akasema yanafanana na orodha ya michango ya matanga. Sawa tu. Hakuna aliyewahi kugombana kuhusu orodha ya matanga, kila mtu anajua alitoa ngapi.

Siku utakapoletewa karatasi na kuambiwa "weka sahihi hapa tu, ni kawaida", usione haya kuchelewesha watu. Tafuta mahali palipo na orodha, uangalie mwisho wake, na uulize kwa sauti: hivi vitu ni vingapi? Kama wawili mliomo chumbani mtataja nambari tofauti, kalamu irudi mfukoni kwanza.